Fadhila za Mbwa Mkubwa Hemani

Kupiga kambi na mbwa mkubwa ni desturi ya kumtoa mnyama katika ua aliouzoea, wenye banda, kivuli na karai la maji, na kumlaza ndani ya chumba cha kitambaa pamoja na watu wazima waliolipa ili wapumzike. Mbwa mkubwa, kwa maana inayotumika hapa, ni mwenye kilo 40 kwenda juu. Kundi hilo lina Boerboel, aliyezalishwa Afrika Kusini kulinda mashamba na ambaye dume lake huweza kupita kilo 70. Lina German Shepherd wa mitaa ya Nairobi, aliyenenepa kwa ugali na mabaki ya nyama. Na lina Great Dane, ambaye mmoja wao, Zeus wa Michigan, Marekani, alipimwa mwaka 2011 akakutwa na kimo cha sentimita 111.8 hadi begani. Hema la kawaida la watu watatu huwa na kimo cha sentimita 120 hivi pale katikati. Zeus angeweza kusimama mahali pamoja tu, na hema lingesimama bila nguzo.

Safari ya namna hii huwa na pande tatu: mwenye mbwa, mwenye hema, na mbwa. Mwenye mbwa na mwenye hema si mtu mmoja, na jambo hili ndilo msingi wa mengine yote. Mwenye mbwa hutoa wazo la safari. Mwenye hema hutoa hema. Usiku unapoingia hugundulika kwamba mgongo wa mwenye mbwa haupatani na ardhi, naye hujilaza kwenye kiti cha gari, vioo vimepandishwa. Mbwa, ambaye jina lake karibu kila mara ni Simba, huingia hemani.

Mtu hachagui mahali pa kwenda, maana pengi pamekwisha kuondolewa. Hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania haziruhusu mbwa wa kufugwa, wala sababu yake si chuki. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa ulizuka Serengeti na kufika Maasai Mara, ukaua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti wakafuata nyayo zake hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Ndiyo maana Simba wa Nairobi haruhusiwi kuonana na simba wa mbugani, kwa usalama wa huyo wa mbugani. Kinachobaki ni kambi za watu binafsi, hasa kando ya Ziwa Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, chini ya migunga yenye gome la manjano. Hifadhi ya Hell's Gate iko hapo jirani, watu wakiendesha baiskeli katikati ya pundamilia. Msafara wenye mbwa huitazama kutoka nje ya lango.

Fadhila ya kwanza ya mbwa mkubwa ni ukweli katika vipimo. Watengenezaji wa mahema humhesabia kila mtu upana wa sentimita 60 hivi, kana kwamba binadamu hulala amenyooka, mikono ubavuni, hadi kuche. Mbwa hulala ubavu, miguu minne ameikaza dhidi ya aliye karibu naye, na kwa dakika chache huwa amethibitisha kwamba hema la watu watatu ni la mbwa mmoja na nusu mtu.

Ya pili ni joto. Ziwa Naivasha liko mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huko si ya mchezo. Mwili wa mbwa una nyuzi 38 hadi 39. Joto hilo halilipiwi, wala halizimwi.

Ya tatu ni unyevu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi. Mvuke wa pumzi yake hupanda, hugusa paa lililopoa, hugeuka matone na kuwarudia waliolala bila ubaguzi, na ingekuwa shambani ungeitwa mradi wa umwagiliaji.

Hizo ni fadhila ndogo. Iliyo kuu, inayostahili kuelezwa kwa madaraja, ni ulinzi. Mbwa husikia sauti zinazofika mitetemo 45,000 hivi kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukomea 20,000. Maana yake ni kwamba mengi yanayotokea Naivasha usiku ni habari anazozipata yeye peke yake, naye si mchoyo. Jogoo la shamba haliwiki mjini; mbwa wa mjini akifika shamba hubweka hadi alfajiri.

Daraja la kwanza la hatari ni vitu visivyo na uhai: kamba ya hema inayotikiswa na upepo, kijiti cha mgunga kinachodondoka juu ya turubai, sufuria inayojinyoosha ikipoa. Hivi hubwekewa mara tatu, kisha kimya kidogo, kisha mara moja zaidi ili kumbukumbu zikamilike. Daraja la pili ni vyura. Chura hubwekewa mmojammoja, na ziwa lina vyura wengi. Daraja la tatu ni zipu. Jirani anayekwenda msalani hubwekewa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, kwa kuwa hakuna uthibitisho kwamba aliyerudi ndiye aliyekwenda. Mwenye hema akitoka kwa haja hiyohiyo hubwekewa pia, ingawa mguu wake umelaliwa na mbwa huyohuyo tangu saa tatu. Daraja la nne ni mbwa wa mbali anayebweka kwa sababu amesikia huyu akibweka. Majibizano hayo huanza saa saba za usiku na hukoma pale mmoja wao anaposahau hoja yake.

Kuna pia wasiobwekewa, na orodha yao inafundisha. Tumbili anayeingia asubuhi na kuondoka na mkate mzima, karatasi na yote, hutazamwa kwa heshima. Mtu asiyejulikana anayepita na mshikaki hupokewa kwa mkia. Wa mwisho ni kiboko.

Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, akiwa na uzito wa zaidi ya tani moja, ndiyo sababu kambi nyingi za Naivasha zina uzio wa umeme upande wa ziwa. Anapokaribia uzio, nyasi husikika zikinyofolewa, kra, kra, kra, kisha pumzi nzito, kisha tena kra, kra. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Yote yaliyotangulia yalikuwa mazoezi. Simba huinua kichwa. Masikio husimama. Halafu, kwa utulivu ambao haukuonekana tangu machweo, bila kutoa sauti hata moja, hujisogeza nyuma ya mgongo wa mwenye hema, husukuma pua chini ya mto na kuanza kutetemeka, na hema zima hutetemeka naye. Haifai kuuita huo woga. Lengo la mlinzi ni kuhakikisha kuna mtu aliye macho, na lengo hilo limetimia tangu saa tatu.

Fadhila ya tano ni ujirani, na kuieleza vizuri kunahitaji mfano. Ni Jumamosi mchana. Hatua chache kutoka hemani, familia iliyotoka Mombasa imetandika mkeka. Sufuria ya pilau imeepuliwa, mvuke wa bizari unapanda, na mfuniko umewekwa kando juu ya sinia. Simba, ambaye kamba yake iko garini, anafika kabla ya mtu yeyote kumwona. Anaulamba mfuniko mlambo mmoja mpana, kutoka ukingo hadi ukingo, na anapoinua kichwa, uzi wa ute unaning'inia kati ya mdomo wake na sinia, unameremeta juani, unakataa kukatika. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, walio wengi Pwani, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Mama wa familia amesimama, upawa mkononi. Mwenye mbwa, bila kuinuka wala kuweka chini kinywaji chake, anatoa neno la kumtuliza: “Usiogope, mama. Haumi.”

Hakuna aliyeuliza kama anauma. Mama haogopi, anapiga hesabu ya maji yaliyobaki kwenye dumu. Lakini jibu limekwisha kutolewa, na ni lilelile linalotolewa kwa kila swali. Mtoto ameangushwa na mkia: haumi. Kambi nzima haikulala: haumi. Na pale njiani kuelekea bafuni, mahali ambapo kila mtu lazima apite na ndala na taulo, pameachwa mzigo wa kutosha kujaza karai, na mwenye mbwa ameuona, ameuruka, amerudi kwenye kiti chake na kusifu hewa safi ya Naivasha! Mtu aliyekumbuka kubeba spika, jiko la gesi, miwani miwili na friji ya kuchomeka garini hakukumbuka hata koleo dogo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 kwa ajili ya mazingira, na wapo waliochukulia kwamba tangu siku hiyo mbwa wao hawahusiki tena.

Utaratibu unadai fadhila ya sita, nayo ni kwamba mbwa mkubwa hudhihirisha jinsi kambi inavyoendeshwa. Langoni, askari hufungua buti, huinua blanketi na kuhesabu chupa za bia zilizonunuliwa nje, kwa sababu kambi ina baa yake. Mbwa wa kilo 60 aliyekalia kreti ya bia hizo husogezwa kwa adabu, hulipiwa tiketi ya mtoto na kukaribishwa. Kadi yake ya chanjo haiulizwi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ipo tangu Louis Pasteur alipoitumia kwa mtoto mwaka 1885; karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo huwa wameambukizwa na mbwa; na dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Kadi yenyewe ni karatasi moja, na kuisoma hakuchukui hata muda wa kuhesabu bia.

Ndani ya kambi upo ubao unaoagiza kwamba mbwa wafungwe kamba wakati wote. Ubao hausemi nani atawafunga wasiofungwa. Askari wa usiku hawezi kumkanya mgeni ambaye meneja alimpokea kwa kicheko na kumbebea mizigo. Malalamiko yakifikishwa ofisini asubuhi, karani husikitika kwa dhati, huleta kitabu cha maoni na kuondoka kutafuta kalamu. Mwenye kambi apata tiketi ya mtoto, mwenye mbwa apata picha nzuri kando ya ziwa, na majirani wapata ushauri wa kuhamishia hema lao mbali kidogo, karibu na jenereta.

Kuvunja kambi huja mwisho, na hufuata hatua zinazojulikana. Hema lililolowa halikunjwi kabla ya kuanikwa, la sivyo huota ukungu. Mishono hukaguliwa mmojammoja kutafuta kupe, ambao hupenda pembe za sakafu na mifuko midogo ya kuwekea tochi. Manyoya hutolewa kwa mkono, kwa kuwa brashi huyazamisha zaidi. Zipu ya mlango, iliyopanuliwa kwa kucha kiboko alipokwenda zake na ushujaa kurejea, hupelekwa kwa fundi. Kazi hizi zote huangukia Jumapili alasiri, saa ambayo mwenye mbwa huwa na shughuli isiyoweza kuahirishwa.

Katika hesabu ya mwisho mbwa hadaiwi chochote. Amebweka kwa kuwa alizalishwa abweke, amelala alipoambiwa alale, na si yeye aliyetia sahihi masharti ya kambi. Fundi wa zipu hulipwa siku hiyohiyo na mwenye hema. Mwenye mbwa huahidi kurudisha nusu ya fedha hizo mwisho wa mwezi, na hakuna kumbukumbu kwamba mwezi huo umewahi kwisha.