Namna ya kuchagua brekidauni itakayohitaji brekidauni

Kiinua mgongo kimetoka, au kiwanja cha Mkuranga kimepata mnunuzi, na ukoo mzima umekubaliana kwamba biashara ya kubeba magari mabovu hailali njaa. Ni kweli. Dar es Salaam imejaa magari yaliyoshuka bandarini yakiwa na umri wa kuoa, na kila jioni hayakosi mawili matatu yanayochemka kwenye foleni ya Kimara. Wateja unao. Kinachokosekana ni lori na bodi lake, na hapo ndipo watu wengi hupoteza muda kwa kuuliza maswali.

Wewe anza na rangi. Kisha tazama taa za machungwa juu ya kabini, zikiwa nyingi ujue lori lina nguvu. Kisha msikilize dalali. Akisema "hii tani nne, bosi," mwamini, maana hana sababu ya kukudanganya isipokuwa kamisheni.

Chonde usizunguke nyuma ya lori. Huko, kwenye lori la mizigo lililotumika Japani, kuna maandishi ya Kijapani yanayofuatwa na tarakimu: pengine 2,000 kg, pengine 2,850 kg. Sheria ya kwao inataka uzito wa juu kabisa wa mzigo uandikwe hapo, hadharani. Huku kwetu maandishi hayo huachwa kwa sababu yanathibitisha kwamba gari halijarudiwa rangi. Yakikukera, yafunike kwa stika ya "Wivu Acha".

Ukiyasoma utaanza kujiuliza hizo tani nne zimekwenda wapi. Hazikwenda popote. Isuzu Forward, Mitsubishi Fuso Fighter na Hino Ranger huko kwao huitwa malori ya daraja la tani 4, na mengi yalitengenezwa ili uzito wote, yaani lori lenyewe, mafuta, watu na mzigo, usifike tani 8. Sababu ilikuwa leseni: hadi mwaka 2007 leseni ya kawaida ya Japani iliishia hapo. Sasa ondoa bodi la kawaida, weka bodi la kuteleza lenye reli zake, silinda za haidroliki, pampu inayozungushwa na giaboksi, na winchi. Kila kilo ya chuma uliyofunga ni kilo uliyoipokonya mizigo. Ndiyo maana "tani nne" ya brekidauni mara nyingi huishia kwenye tatu hivi, na lori dogo kama Elf au Canter likabaki na mbili na ushee.

Mbili na ushee zinatosha kabisa kwa Toyota IST, ambayo ni tani moja na kidogo. Noah nayo itapanda bila maneno. Tatizo ni kwamba mwenye IST hulipa kwa mafungu, na mwenye V8 hulipa taslimu. Hiyo Land Cruiser 200 ikiwa tupu inapita kilo 2,500, na haijapata kuwa tupu tangu ilipopewa bosi: kuna ngao ya chuma mbele, keria juu, na magunia ya mkaa aliyoyakuta "bei ya shamba" akirudi safarini. Kwa hiyo lori lako litanunuliwa kwa hesabu ya IST na litaishi kwa hela ya V8.

Mizani isikutishe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, ya mwaka 2016, inaruhusu ekseli moja yenye matairi manne ibebe hadi tani 10. Ekseli ya Canter yako itakuwa imeshakata roho kabla haijaifikia namba hiyo. Utapita mizani ya Vigwaza unapunga mkono. Pale wanalinda lami. Springi ni zako.

Tuje kwenye bodi, ambako ndiko penye fursa nyingi za kuharibu. Chagua Elf ile ya kabini nyembamba, ni rahisi kupenya nayo Kariakoo. Bodi lake lina upana wa mita 1.7 hivi, V8 ina karibu mbili, kwa hiyo matairi yatakaa ukingoni, nusu ndani nusu nje. Urefu nao usikusumbue. Hilux ya milango minne ina mita 5.3, bodi fupi lina 4.3, mita iliyobaki funga kitambaa chekundu. Kama uzito umelalia mno nyuma ya ekseli, mbele patanyanyuka, na dereva atakuambia usukani siku hizi umekuwa mwepesi. Mpongeze.

Ukiona bodi la kuteleza kutoka Japani ni ghali, nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee la kwako. Sisitiza achomelee moja kwa moja kwenye chesi. Fundi mwenye busara atataka kulikamata kwa yubolti ili chesi isipate joto wala matundu mahali inapojikunja; huyo anataka kukumalizia bolti zake. Bodi la fundi halishuki, kwa hiyo utapandishia magari kwenye mbao mbili, na mbao fupi zina mwinuko mkali. Vitz itaacha bampa lake chini. Liokote uliweke kiti cha nyuma, mteja aone unavyojali.

Au achana na bodi kabisa, nunua ile yenye mkono wa kunyanyua magurudumu ya mbele tu. Kwa Vitz na IST zinazoendeshwa na magurudumu ya mbele haina ubaya. Raha yenyewe iko kwenye Subaru Forester, inayoendeshwa na yote manne. Unanyanyua mbele, nyuma panaburuzika kutoka Mbezi hadi Tegeta, magurudumu yanazungusha giaboksi wakati injini imezimwa, na pampu inayosukuma oili humo ndani huzungushwa na injini hiyohiyo. Mteja ataondoka anakushukuru. Gia zikianza kuteleza, atamlaumu fundi wake.

Injini nitaizungumzia bila kejeli, kwa sentensi mbili. Canter ya 4D33 na Elf ya 4HF1 zina pampu ya kizamani ambayo mafundi wengi wanaijua kwa kuipapasa gizani, na kwa kazi ya kulala barabarani hilo lina thamani kuliko teknolojia. Elf mpya yenye chujio la moshi inataka kuachwa ichome masizi yake kwa utulivu, na foleni ya Dar haina utulivu wa kugawa. Basi, turudi kwenye upotofu wetu.

Waya wa winchi ubadilishe siku utakapokatika. Nyuzi zilizochomoza zinaonyesha uzoefu. Wakati wa kuvuta, waruhusu watazamaji wasimame pembeni ya waya, na anayerekodi kwa simu mpe nafasi ya mbele.

Kufunga mzigo kusikuchukulie muda: handibreki na jiwe moja vinatosha. Mikanda minne, kila gurudumu na wake, ni ya waoga. Itakuchelewesha, hasa siku umeitwa Iringa kufuata gari na unarudi nalo kwa kuteremka Kitonga, dereva ametoa gia ili kuokoa mafuta na breki ya ekzosti ilishafungwa tangu mwenye lori wa kwanza.

Mteja naye atataka kujua akae wapi, maana kabini ina dereva, utingo, na shemeji yako aliyekuja kuangalia biashara inavyokwenda. Mwonyeshe gari lake hapo juu. Kiti kipo, mkanda upo, na akigeuka nyuma ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona moshi wa breki.