Kumb. Na.: Haikuhifadhiwa

Kumb. Na.: haikuhifadhiwa (nafasi haitoshi)

Mkurugenzi wa Kumbukumbu,
Viwanda vya Simu Janja,
Popote Mlipo.

YAH: KUOMBA KUJULISHWA NI GB NGAPI ZINAZOTOSHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka 31 nimefungua majalada, nimepachika folio, nimepanda na kushuka ngazi nikimsaka ofisa aliyelalia jalada la mtu. Nayataja haya ili ujue kwamba neno "kumbukumbu", uliloliandika kwa wino wa kung'aa kwenye boksi la simu yangu, ndilo lililonilisha na kunisomeshea watoto. Hata juu ya barua hii limekaa mahali pake pa siku zote. Namba tu ndiyo haipo, na sababu utaiona.

Siku niliyokwenda Kariakoo kununua simu, kijana wa dukani aliniuliza, "Mzee wangu, unataka ya GB ngapi?" Nikamwambia nataka zinazotosha. Akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wananchi waliokuja dirishani kuulizia jalada bila namba. "Zinazotosha hatuna, mzee. Kuna 64, kuna 128, kuna 256." Hakuwa akitania. Mpaka leo sijasikia jibu la kweli kuliko hilo kuhusu bidhaa zenu.

Nikachukua ya 64, kwa jinsi mfuko ulivyoruhusu.

Nisidhaniwe mtu wa makuu. Nilianza na Nokia 1100, ile ya tochi, iliyotoka mwaka 2003. Ilibeba majina 50. Ukimpata wa 51, ulikaa chini ukafikiri nani aondoke, na kwa kawaida aliondoka fundi bomba aliyekula hela ya watu. Ilikuwa ndogo, lakini yote ilikuwa yangu. Haikuwahi kuniamsha asubuhi ikidai nafasi kwa shughuli zake yenyewe.

Mwaka 2007 iPhone ya kwanza iliingia sokoni Marekani ikiwa na RAM ya MB 128, na dunia ikapiga makofi. Machi mwaka huohuo, hapo Kenya, M-Pesa ilianza kupeleka hela za watu kwa simu za vitochi, na mwaka uliofuata ikavuka mpaka ikaja kwetu. Mpaka leo nikituma hela kijijini nabonyeza nyota na reli, na kila ukurasa wa menyu ile hauzidi herufi 182. Ada ya shule, mbolea, rambirambi, vyote vinapita kwenye tundu hilo bila kukwama. Ndiyo maana ninashangaa, Mheshimiwa, ninapoambiwa kwamba ili kuona salio langu kwa njia ya kisasa nahitaji programu inayokula MB mamia na kuomba ruhusa ya kusoma majina ya ndugu zangu.

Nije kwenye kibandiko.

Boksi langu liliandikwa "8GB RAM". Kwa ambao hawajakaa masjala: hifadhi ya simu ni kabati la majalada, RAM ni meza ya ofisa. Kabatini unaweka vitu hata miaka. Mezani unaweka unachofanyia kazi sasa hivi, na jioni meza inafutwa. Watu wengi huchanganya vitu hivi viwili. Hata fundi wangu wa jirani, kijana mwenye mikono safi kabisa kwenye kioo, alinishauri nitie memori kadi ili simu iache kuganda, kana kwamba ukinunua kabati la pili meza nayo inapanuka.

Basi chini ya ile 8, kwa maandishi ya saizi ya yai la chawa, paliandikwa "4+4". Mjukuu wangu ndiye aliyenisomea. Nne ni RAM. Nne nyingine ni kipande cha hifadhi kilichopewa cheo cha kukaimu RAM. Sasa hifadhi ni nzito kuliko RAM mara nyingi, na kadiri unavyoandika na kufuta ndivyo inavyochakaa. Kwetu masjala, ofisa alipokosa nafasi mezani aliyashusha majalada sakafuni, akawa anainama kila anapolitaka moja. Hatukuwahi kuandika kwenye taarifa ya mwaka kwamba meza imekua.

Nilikuja kuielewa nne hiyo siku ya uhakiki wa wastaafu. Ofisi moja, ambayo sitaitaja maana bado inanilipa, ilitutaka tujaze fomu mtandaoni. Nikavaa miwani. Nikajaza majina matatu, cheki namba, tarehe ya kuajiriwa, jina la mama. Nikaambiwa nimetumiwa msimbo wa tarakimu sita kwa ujumbe mfupi. Nikafungua ujumbe, nikausoma kwa sauti, nikarudi kwenye fomu. Fomu nyeupe pee. Hakuna jina langu wala la mama.

Nikajaza tena. Msimbo mpya, nikaenda kuusoma, nikarudi: nyeupe. Mara ya tatu nilijaribu kwenda na kurudi mbiombio, kama mtu anayechungulia maziwa jikoni. Nyeupe. Mjukuu akanieleza kwamba RAM ikibana, simu huua programu usiyoitazama ili ile unayoitazama ipate pumzi. Yaani nikigeuza shingo dirishani, mhudumu anakwapua jalada mezani, na nikigeuka ananiuliza, "Shikamoo mzee, nikusaidie nini?"

Hatimaye tulichomoa laini tukaipachika kwenye kitochi cha mke wangu, intaneti nikaazima kwa mjukuu. Msimbo ukaingia kwenye kitochi, fomu ikabaki imetulia kwenye simu janja, nami nikahakikiwa kwamba ni hai. Mke wangu hakusema neno. Aliirudisha laini yake, akaenda zake jikoni na kitochi mkononi, akitembea taratibu kuliko kawaida.

Kuhusu kabati. Katika GB 64 nilizolipia, nilikuta sehemu kubwa imekwisha kukaliwa kabla sijapiga hata picha moja. Humo mna mfumo wenyewe, mna michezo ambayo sikuiomba, mna duka la pili la programu, na mna kitu kinachoitwa "nyingine" ambacho hakifunguki. Kila ofisi ya serikali ina masjala ya siri, hilo naliheshimu, lakini hatukuwahi kumpangishia mtu jengo lenye masjala ya siri ndani yake kisha tukamtoza kodi ya vyumba vyote. Nasikia si ajabu mpya: mwaka 2013 Samsung Galaxy S4 ya GB 16 ilizua malalamiko Uingereza baada ya wanunuzi kugundua kwamba iliyobaki kwa ajili yao ilikuwa nusu na kidogo. Na hiyo ni kabla ya ile hesabu yenu ya kuhesabu kwa elfu wakati kompyuta inahesabu kwa 1,024, ambapo 128 zenu zikifika kwenye Windows zinasomeka 119. Muuza mchele akipima hivyo, watu wa vipimo humfuata na mizani.

Sasa nije kwenye sendoff ya mpwa wangu, na hapa naomba uvumilivu.

Nilipewa kazi ya kuchukua video. Nikasimama mbele kabisa, mahali pa heshima. Muziki ukabadilika, ndafu akaingia amebebwa juujuu, majani mdomoni, shangazi zake bibi harusi wakiserebuka nyuma yake. Nikabonyeza. Kioo kikaniambia hifadhi imejaa. Dada yangu akapaza sauti, "Kaka, unachukua?" Nikamwitikia kwa kichwa huku nafuta. Nilifuta picha za risiti za ada. Nikafuta picha za tokeni za LUKU zilizokwisha kutumika. Nikafuta maua 40 ya "asubuhi njema" kutoka kundi la ukoo, na video ya mchungaji mmoja iliyonifikia kwa makundi manne. Nikabonyeza tena: imejaa. Kumbe kilichofutwa hakiondoki, kinahamia kwenye pipa la taka na kukaa humo siku 30 kikila nafasi ileile. Hapo nilikuvulia kofia, Mheshimiwa. Hata masjala hatukufikia kiwango hicho. Nilipolipata hilo pipa na kulimwaga, ndafu alikuwa amebaki mifupa, na ninachomiliki mpaka leo ni sekunde 11 za shemeji akijifuta mdomo.

Haki itendeke: kosa la maua ni letu. Wahandisi wa Google walipochunguza kwa nini simu za Wahindi zinaganda, walikuta zimejaa picha za kutakiana asubuhi njema, na Desemba 2017 wakatoa programu ya kusafishia. Ukoo wangu ungewapa kazi ya mwaka mzima. Lakini nani aliyeziagiza zile picha zijipakue zenyewe nikiwa usingizini? Katika masjala yangu hakuna barua iliyojigongea muhuri na kujipachika jaladani.

Nikasema labda tatizo ni kununua cha bei ya chini. Nikatazama wenye nacho. iPhone 15 ilitoka Septemba 2023 na RAM ya GB 6. Juni 2024 Apple wakatangaza akili zao mnemba, na simu ile ikaambiwa haifai. Katika zilizokuwa madukani siku hiyo walifaa wenye 15 Pro peke yao, zile za GB 8. Ilikuwa haijatimia miezi 9. Mama aliyeshika mimba wiki ya kuinunua alikuwa bado hajajifungua, na simu imekwisha zeeka.

Na maskini naye hakuachwa. Mwaka 2017 ilitangazwa Android Go, mfumo mwepesi wa simu zenye RAM ya GB 1 au chini yake, tukashukuru kwamba tumekumbukwa. Miaka mitano baadaye, toleo la 13 la mfumo huohuo mwepesi likataka GB 2. Wepesi nao umenenepa.

Wakati mwingine nakumbuka kompyuta ya kwanza kuletwa masjala kwetu. Ilikuwa na Windows XP, ambayo Microsoft wenyewe walipendekeza ipewe RAM ya MB 128. Mashine ile iliandika barua za ofisi nzima, ikatunza orodha ya majalada, ikachapa mishahara, na jioni mkuu wa kitengo akacheza karata. Simu yangu ina RAM mara 32 ya hiyo, na inahema nikifungua ramani.

Bwana mdogo mmoja kwenye daladala alinishauri nisubiri, vitu vya teknolojia hushuka bei. Nilisubiri. Desemba 2025 Micron, mmoja wa watengenezaji watatu wakubwa wa chipu za RAM duniani, akatangaza kuachana na Crucial, jina lake la kuwauzia watu wa kawaida, kwa sababu vituo vya akili mnemba vinanunua kila kinachotoka kiwandani, na bei ikapaa. Kwa hiyo mmetuzoesha sahani kubwa, halafu unga wote umepelekwa kwenye sherehe ya jirani.

Mheshimiwa, kwa kuwa hakuna aliyenijibu, nimeamua kuandika dokezo mwenyewe, na wewe utalipitisha au utaliacha lilale. Kwa mtu wa WhatsApp, benki, ramani na picha za wajukuu, RAM ya GB 4 kwa sasa ni mateso niliyoyaeleza. Sita mtu anaishi. Nane, nane za kweli zilizokaa mezani na si sakafuni, zinatosha na kubaki. Mwenye kutaka 12 au 16 awe anacheza michezo mizito au anataka akili mnemba ikae naye nyumbani, na hiyo ni haki yake. Hifadhi ya 128 inamtosha mtu aliyezima kujipakua kwa picha. Asiyezima, hata mmpe 512, ukoo utazijaza kabla ya Pasaka.

Kwako nina ombi moja, dogo kwa mtu wa cheo chako. Juu ya boksi, mahali penye ile 64, andika idadi ya GB nitakazozikuta wazi nikiiwasha kwa mara ya kwanza. Na kwa kuwa baadhi yenu sasa mnaahidi masasisho ya miaka saba, andika pembeni yake mfumo wa mwaka wa saba utataka meza ya ukubwa gani, maana hii niliyonayo imegundishwa ndani na haiongezwi.

Nasubiri majibu. Yakiwa na picha za maua, tafadhali msitume.

Ni mimi,
Karani mstaafu,
Dar es Salaam.

Kiambatisho: Picha ya kibandiko cha 4+4. (Haikuambatishwa. Nilipofungua kamera niipige, barua hii ilijifunga, nikaianza upya kutoka "Husika na kichwa cha habari". Hii unayoisoma ni ya tatu.)