Maporomoko Tuliyoyasikia Tu

Wazo la kwenda kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya kwa gari lilikuwa la mume wangu. Yeye ni mwalimu wa historia, na hajapata kuona kibao cha kumbukumbu kando ya barabara akakipita bila kupunguza mwendo. Pasaka ilikuwa inakaribia, shule zinafungwa, naye tayari alikuwa na karatasi ya hesabu: Mbeya hadi Tunduma kilometa 100 na ushei, Tunduma hadi Lusaka kama 1,000, Lusaka hadi mji wa Livingstone chini kidogo ya 500.

Safari ilipangwa iwe ya watu watano, sisi wawili na watoto watatu. Lakini habari za safari hazikai ndani ya nyumba. Mtoto mmoja alimwambia bibi yake kwenye simu, na haukupita muda Mama akateremka kwenye Kosta kutoka Tukuyu na mkungu mzima wa ndizi, kwa sababu huko kwa watu tungeweza kukosa chakula. Mjomba, mdogo wake, alikuja kumsaidia kubeba mkungu tu. Asubuhi ya safari alikuwa ameshakaa kiti cha mbele na mkanda amefunga.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mjomba alikuwa akivusha mchele wa Kyela kuupeleka Lusaka, na hilo kwa maoni yake ni cheo. "Nyie mtapotea," alisema. Mume wangu alinitazama, mimi nikatazama mawingu. Mjomba wa mke haamriwi kushuka garini.

Nawafahamu watu wanaosafiri kifamilia wakarudi na picha za mandhari. Sijui familia zao huwa wanaziacha wapi.

Tunduma tulifika mapema na karatasi zetu zilikuwa safi: pasipoti, bima ya kuvuka mpaka, rifleta nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Tatizo letu lilikuwa la kijani na lilikuwa kwenye buti.

"Mama, huu mkungu una cheti?" kijana wa ukaguzi aliuliza.

"Hujaniamkia."

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Cheti cha nini?"

"Cha afya ya mimea. Kuonyesha hauna ugonjwa."

Mama aliutazama mkungu, akamtazama kijana. "Nimeukata mwenyewe mgombani kwangu. Ungekuwa unaumwa ningeuchukua safarini?"

Kijana alikuwa na adabu zake zote, lakini hakulegea. Mume wangu akashauri tuuache. Mama akanyamaza kidogo, kisha akatoa hoja ambayo wakili angelipwa kwa ajili yake: ndizi mbichi ni mmea, ndizi iliyopikwa ni chakula. Tukageuza gari, tukamtafuta mama ntilie mwenye jiko kubwa upande wa Tunduma, na mkungu mzima ukamenywa pale pale, sisi sote tumezunguka beseni, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu. Pasipoti ya mtoto wetu wa pili hadi leo ina dole gumba jeusi kando ya muhuri wa Zambia. Tulivuka mpaka mchana na sufuria mbili za ndizi na maharage zilizofungwa kwa khanga, na kijana yule yule akatutakia safari njema huku akinusa.

Kwenye kizuizi cha kwanza cha kulipia barabara, Mjomba alimzuia mume wangu asitoe pesa. "Hii niachieni mimi." Akafungua begi, akatoa burungutu lililofungwa kwa mpira, akachomoa noti ya kwacha 50,000 na kuipitisha dirishani, kisha akakinga mkono kusubiri chenji. Binti wa ushuru aliigeuza. Akaiinua kwenye mwanga. Akamwita mwenzake, naye akaja na simu na kuipiga picha. Zambia ilikata sifuri tatu kwenye kwacha yake Januari 2013 ikatoa noti mpya, na zile za zamani zilikwisha kukoma kutumika. Habari hizo zilikuwa zimefika kila mahali isipokuwa chini ya godoro la Mjomba. Noti yake alirudishiwa kwa heshima zote wanazopewa wazee. Akaikunja, akasema hao ni watoto, wakubwa wao wangeipokea.

Halafu kuna suala la saa. Ukivuka mpaka kuingia Nakonde unarudi nyuma saa moja. Simu zetu zilijirekebisha zenyewe, Mama akakataa. Jua ni lile lile, alisema, na yeye hakuja Zambia kupunguziwa umri. Kwa hiyo alilala kwa saa za Tukuyu na kuamka kwa saa za Tukuyu. Alfajiri ya saa kumi ya wenyeji alikuwa amekwisha kuoga, kusali, na kuanza kukunja shuka ambazo sisi tulikuwa bado tumezilalia.

Barabara ya kwenda Mpika ni ya malori. Yanayokuja yamebeba shaba, yanayokwenda yamebeba kila kitu kingine, na katikati yake uko wewe na gari lako la watoto. Mume wangu alitumia nafasi hiyo kutueleza habari za reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975. Watoto walikuwa wamelala kabla hajafika kwa Mwalimu na Kaunda.

Mjomba ndiye aliyewaamsha. "Livingstone!" alipiga kelele. "Tumefika! Mvisheni viatu mdogo!" Kweli kulikuwa na kibao chenye jina hilo. Ila tulikuwa maeneo ya Serenje, na kibao kilikuwa kinaelekeza kwenye mnara wa ukumbusho wa David Livingstone, aliyefia kwa Chitambo mwaka 1873. Mji wa Livingstone ulikuwa mbele zaidi ya kilometa 800. Mume wangu nusura alie kwa furaha. Alieleza jinsi moyo wake ulivyozikwa chini ya mti na jinsi watumishi wake Susi na Chuma na wenzao walivyoubeba mwili kwa miguu hadi Bagamoyo, kisha akamgeukia binti yetu mkubwa, aliyekuwa akilalamika kwamba kiti cha nyuma kinamuumiza mgongo, akamuuliza kama sasa ameelewa. Alikuwa ameelewa kwamba baba yake si wa kulalamikiwa.

Mbele ya Mkushi tukapata pancha. Ili kuifikia spea ilibidi kila kitu kishuke: mabegi, mablanketi, na zile sufuria mbili, ambazo Mama aliziweka kando ya barabara na kukaa nazo kwenye kigoda alichotoka nacho nyumbani. Mume wangu alikuwa chini ya gari, Mjomba akimwelekeza jeki, lori lenye namba za Tanzania liliposimama. Tulidhani dereva amekuja kutusaidia.

"Shikamoo Mama. Sahani bei gani?"

Mama hakusita hata kidogo. Alitaja bei. Utingo akashuka na bakuli, lori la pili likasimama nyuma ya la kwanza, na hadi nati za tairi zinakazwa sufuria moja ilikuwa nyeupe na Mama alikuwa na kwacha mpya, halali, zimefungwa kwenye pindo la khanga. Tulipoanza kuingia garini alikwenda moja kwa moja kiti cha mbele. Mjomba alifungua mdomo. Mama akamtazama, na yeye akapanda nyuma kati ya watoto.

Sasa maporomoko yenyewe. Maji ya Zambezi yanadondoka mita 108 kutoka kwenye ukingo wenye upana wa mita 1,708, na hakuna uongo katika tarakimu hizo. Ila mto ukiwa umejaa, kama unavyokuwa Aprili, maji yanayogonga chini hurudi juu kwa nguvu ile ile. Tulikodi makoti ya mvua, tukaingia kwenye njia ya msituni huku ngurumo ikitikisa kifua, na tulipofika kwenye kidaraja kinachotazamana na maporomoko hatukuona chochote. Namaanisha chochote. Mbele kulikuwa na weupe, juu weupe, na mvua iliyokuwa ikinyesha kutoka chini kwenda juu, ikiingia kwenye mikono ya koti na kutokea shingoni. Niliuhisi mkono wa mtoto nikaushika. Baadaye ilionekana alikuwa mtoto wa watu, nao walikuwa na wa kwangu. Tukabadilishana upande wa pili wa daraja bila maneno mengi.

Mama alisimama katikati ya ngurumo ile, kofia ya koti imemfunika hadi puani.

"Mvua na ukungu," alisema kwa sauti ya kushinda maji. "Ndiyo tuliyoifuata? Tukuyu si ipo mpaka jikoni?"

Hapo tulikosa la kujibu, kwani Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kupita zote Tanzania, na yeye amezaliwa humo. Akaendelea kusema kwamba Kaporogwe, kwao, maji unayaona na ukitaka unapita nyuma yake. Mjomba akadakia kwamba kama ni urefu, Kalambo, pale pale mpakani mwetu na Zambia, inapita mita 200, karibu mara mbili ya hii. Ndugu wawili wakaanza kubishania maporomoko ya nyumbani wakiwa ndani ya moja ya maajabu ya dunia, wamelowa hadi mifupani.

Picha ya pamoja tulipiga. Inaonyesha makoti saba ya mvua mbele ya shuka jeupe, na hadi leo hatujakubaliana nani ni nani. Niliituma kwenye kundi la ukoo. Binamu yangu akajibu papo hapo: "Poleni na mvua. Mmesharudi Tukuyu?"

Tulipotoka kwenda kukamua nguo, nyani aliyekuwa amekaa juu ya ukuta akitutathmini mmoja mmoja alishuka bila haraka na kuchukua begi la Mjomba. Akalifungua zipu. Nasisitiza, alilifungua zipu. Akalipata lile burungutu, akang'ata noti ya juu, akaitema, akalitupa burungutu lote kwenye matope na kuondoka na sabuni. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Kicheko chake kiliishia darajani. Daraja la reli na barabara linaloingia Zimbabwe ni la mwaka 1905, liko mita 128 juu ya mto, na watu hujirusha kutoka hapo wakiwa wamefungwa kamba miguuni. Mama hakuwa ameambiwa. Alimwona kijana wa Kizungu anafungwa vifundo vya miguu na watu wawili.

"Amefanya nini?"

"Hakuna, Mama. Anajirusha mwenyewe."

"Mama yake yuko wapi?"

Kijana akaruka. Mama akapiga ukelele, "Kyala wangu!", na wanaume waliokuwa wakivusha mizigo kwa baiskeli wakasimama wote kutafuta aliyefiwa. Tulimweleza kwamba kamba ni imara na kwamba kijana amelipa zaidi ya dola 100 kwa mita zile 111. Hilo la malipo ndilo lililomuumiza. Alikaa kimya akibadilisha dola kuwa mikungu. Kijana alipopandishwa juu, Mama alimfuata akamshika mkono, akampa ndizi mbili mbivu alizonunua sokoni Livingstone, akamsimamia hadi amezimaliza.

Lusaka tulisimama wakati wa kurudi, na huko Mjomba alirudishiwa mamlaka kwa muda kwa sababu ya ule mchele wa zamani. Simu ya mume wangu ilisema kushoto, Mjomba akasema kulia. Alama yake ilikuwa moja, Findeco House, lile jengo la ghorofa 23 mwisho wa Cairo Road: ukiliona, alisema, umeshafika. Tuliliona. Tukaliona tena kwa upande wa nyuma. Barabara za juu zimejengwa tangu enzi zake, na kila tulipopanda moja Mjomba alilalamika kwamba hii ilikuwa chini. Tulipolizunguka kwa mara nyingine, mtoto wetu wa mwisho alilipungia mkono. "Shikamoo," alisema.

Kumbe Mjomba alikuwa anatafuta mtu. Kulikuwa na mteja wake wa zamani aliyekuwa na deni lake la kwacha laki nane za mchele, na miaka yote hiyo alikuwa ameapa kumfuata. Na alimpata! Sisi tukiwa sokoni Soweto na Mama, aliyekuwa akipima vitenge kwa mkono na kuwaambia wauzaji kwamba yeye pia ni mfanyabiashara, Mjomba alikuwa amekaribishwa, amepewa nshima kwa kapenta, ameombwa radhi na nyumba nzima. Kisha mzee yule akaleta deni lote, bila kupunguza hata ngwee. Laki nane, toa sifuri tatu. Kwacha 800.

Alirudi amezishika mkononi. "Magunia," alisema. "Nilimpa magunia." Mume wangu alianza kueleza jinsi nchi inavyobadili fedha yake, nikamfinya.

Kapiri Mposhi, Mjomba aliomba ashushwe. Kiti cha nyuma hakimfai mtu wa umri wake, alisema, na treni ipo. Treni ya abiria haikuwa ya siku hiyo, lakini akasema atasubiri, pesa anazo. Tulimwacha stesheni amekaa juu ya begi lake lililofunguliwa na nyani, ameshaanza kumsimulia mtu.

Nilimkuta tena Tukuyu, kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu. Alikuwa katikati ya duara la wazee akieleza maji yanavyoanza kumeguka pale juu, yanavyopinda, rangi yake yanapofika kati, na mawe ya chini kabisa, moja baada ya jingine. Tarakimu za mume wangu zilikuwemo zote. Mzee mmoja akauliza, mbona kwenye picha tuliyotuma hakuonekani kitu?

"Hao walifumba macho," Mjomba alisema. "Mimi nilikaza."