Nyumba Inapopiga Kona

Gari-nyumba ni gari kubwa lenye vitanda, jiko, friji, choo na bafu nyuma ya kiti cha dereva. Marekani hukodishwa kwa siku, na katika jimbo la California leseni ya kawaida inatosha kuliendesha. Marafiki watano au sita hulikodi kwa hesabu nyepesi: hakuna hoteli, hakuna mgahawa, hakuna kufunga na kufungua mabegi kila jioni. Kinachosahaulika katika hesabu hiyo ni kwamba gari-nyumba limerithi balaa za koo zote mbili. Hupata pancha kama gari, na huziba choo kama nyumba.

Njia inayosifiwa sana kwa safari ya namna hii ni Barabara Kuu Namba 1, hasa kipande cha Big Sur kati ya Carmel na San Simeon. Huko milima ya Santa Lucia hushuka moja kwa moja hadi Bahari ya Pasifiki, na barabara imechongwa ubavuni mwake. Kipande hicho kilifunguliwa mwaka 1937 baada ya kazi ya karibu miaka 18, iliyofanywa kwa sehemu na wafungwa. Milima haijawahi kukubali kushindwa: Mei 2017 iliporomoka mahali paitwapo Mud Creek ikaifukia barabara, nayo haikupitika tena hadi Julai 2018. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuulizia kabla ya safari ni kama barabara yenyewe ipo.

Wengi hushauriwa watoke kaskazini kwenda kusini. Marekani magari hupita kulia, hivyo bahari huwa upande uleule wa gari, bila kuzibwa na wanaotoka mbele. Faida ya mpango huo ni mandhari. Hasara yake humfika abiria wa kiti cha mbele, ambaye huning'inia juu ya genge na katika kila kona hukanyaga breki ambayo upande wake haipo.

Mkasa wa kwanza hutokea papo hapo, kwenye kona ya kwanza. Kabati na droo za gari-nyumba zina vibanio, na kila kibanio kina mtu aliyedhani mwenzake amekifunga. Sufuria hutangulia, vijiko hufuata, kisha hutoka kitunguu kimoja ambacho huviringika sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna wa kukifuata, kwa kuwa sheria inawataka abiria wakae na mikanda wamefunga. Kitunguu husafiri kwa uhuru kuliko wote waliochangia kodi.

Dereva naye ana yake. Gari hunywa mafuta bila haya: lita 25 hadi 30 kwa kilomita 100 ni jambo la kawaida, na vituo vya Big Sur ni vichache, bei zake za kukausha koo. Mwendo ni wa pole, na sheria ya California inasema kwamba katika barabara ya njia mbili, gari la mwendo wa pole likiandamwa na magari matano au zaidi lazima liingie pembeni penye nafasi ya kuyapisha. Hapo huzaliwa cheo kipya: rafiki aliyekaa dirisha la nyuma huteuliwa mhesabu magari. Huhesabu kwa uaminifu hadi manne, kisha usingizi humchukua. Zamu yake huendelezwa na honi za wanaofuata.

Daraja la Bixby, lililokamilika mwaka 1932, limesimama mita 85 hivi juu ya korongo, na picha zake zimezagaa duniani. Mahali pa kuegesha karibu nalo ni padogo, na gari-nyumba huwa halipati pa kujibanza. Ndiyo maana picha za wasafiri wa aina hii huonyesha kioo cha pembeni kikiwa katikati, kidole cha mpigapicha kushoto, na ukungu kulia. Ukungu wenyewe hauna kosa. Maji ya pwani hiyo ni baridi hata wakati wa kiangazi, na hewa yenye unyevu ikipita juu yake hugeuka ukungu, hasa katika miezi hiyo ya kiangazi, ambapo marafiki ndipo wanapopata likizo.

Jioni huja kazi ya kambini. Kulala ovyo kando ya barabara Big Sur hakuruhusiwi, na nafasi katika kambi za jimbo huanza kugombewa miezi sita kabla. Aliyepewa nafasi huingia kinyumenyume kati ya miti, na rafiki zake wote hushuka kumwelekeza. Mmoja anasema kata kulia, wa pili anasema kulia kwako au kulia kwangu, wa tatu amesimama nyuma pasipoonekana kwenye kioo chochote na anapunga mikono. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa huenda kwenye meza ya jirani.

Likishasimama, lazima lisawazishwe. Vibao huwekwa chini ya magurudumu na pima maji huwekwa sakafuni, kwa kuwa friji nyingi za gesi katika magari haya huacha kupoza zikiinama sana. Kundi linalopuuza hatua hii hulala miguu juu vichwa chini, na asubuhi hunywa maziwa yaliyoganda bila kukusudiwa.

Somo zito kuliko yote ni la matangi. Gari lina tangi la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Koki ya tangi la choo hufungwa mpaka lijae vya kutosha. Ikiachwa wazi, majimaji hutoka kidogo kidogo na yaliyobaki hurundikana, yakauka, yakagoma. Siku ya kumwaga, mpira mnene huunganishwa, koki ya choo hufunguliwa kwanza, kisha ile ya sinki ili maji yake yasuuze mpira. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu mmoja mwenye glavu. Wengine wote, ambao tangu asubuhi hawakuwa na shughuli, hugundua ghafla kwamba lazima wakapige picha za miti.

Aliyemwaga hapati shukrani. Karibu na San Simeon, ufukwe wa Piedras Blancas hukaliwa na sili-tembo, wanyama wa baharini ambao madume yao huweza kuzidi kilo 2,000. Hulala mchangani kwa mamia, wakikoroma, wakirushiana mchanga na kutoa harufu inayowatangulia. Ndani ya gari harufu hufika kabla ya ufukwe, na nyuso zote humgeukia yule wa glavu. Hushtakiwa, huhukumiwa, na hutakiwa ashuke akaangalie koki. Sili wanapoonekana anakuwa ameshaapa kutosafiri tena na watu hawa.

Mwisho wa safari ni ukaguzi. Mwenye gari hutazama kipimo cha mafuta, kilomita zilizozidi, matangi, na mkwaruzo ambao kila abiria alikuwa amelala ulipotokea. Amana hurudi imepungua. Kugawana upungufu huo huchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe, na mjadala wake hufanyika katika kundi la WhatsApp lililoundwa kwa ajili ya kutumiana picha.