Waheshimiwa Maspika, Mmeniharibia Riwaya

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Kitaifa na Mheshimiwa Spika wa Seneti,
Majengo ya Bunge, Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: FIDIA YA HIMAYA

Nawaandikia kutoka Eldoret, jiji kamili tangu tarehe 15 Agosti 2024, ingawa matatu za Langas bado hazijaarifiwa.

Mimi ni mtunzi wa hadithi za kubuni. Nimeandika riwaya kuhusu himaya ya mbali yenye makasisi, malkia, majoka mawili na baraza la wazee wanaokula njama usiku. Mhariri ameirudisha. Majoka ameyapitisha bila swali. Kilichomshinda ni baraza, ambalo amelipigia mistari myekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuandika pembeni: "Haiaminiki." Nimetafuta wa kumlaumu nikawapata nyinyi, kwa sababu hakuna kituko nilichowabunia wazee wangu ambacho nyinyi hamkukitenda kwanza, tena mchana.

Chukueni sura ya pili. Himaya inajiapiza mbele ya umati kwamba hakuna baraza la kuchaguliwa ambalo zaidi ya thuluthi mbili za watu wake watakuwa wa jinsia moja. Mizinga inalia, watu wanacheza ngoma. Kisha wazee wanaikalia sheria hiyo miaka nenda miaka rudi. "Waliiweka ya nini basi?" anauliza mhariri. Nimemwelekeza kwenye Kifungu cha 81 cha Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010, nikamwambia awapigie simu nyinyi.

Mahakama ya Juu iliwapa muda wa kuitekeleza hadi Agosti 2015, mkajiongezea mwaka. Mnamo Machi 2017 Mahakama Kuu ikawapa siku 60. Zikaisha. Februari 2019 mswada wa sheria hiyo ukafika siku ya kura; zilihitajika kura 233, na wabunge waliopatikana ukumbini walikuwa 174. Haukushindwa kwa kura za kuupinga. Uliuawa na viti vitupu. Mtunzi anayejiheshimu angeweka hapo msaliti mmoja mwenye hotuba kali, au angalau sumu kwenye kikombe, lakini nyinyi mna bajeti finyu ya mawazo.

Na hesabu yenyewe, Waheshimiwa, ningeibuni mimi ningeitwa mchochezi. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika. Wanaume wakifika 233, Katiba imevunjwa. Kura zinazotakiwa kuirekebisha ni hizo hizo 233. Maana yake wanaume mlioketi humo kinyume cha sheria mnatosha, peke yenu, bila mwanamke hata mmoja kuinua mkono, kulipitisha jambo hili kwenye Bunge hilo alasiri moja na kuwahi chai. Mabunge ya kaunti hayana shida hii: baada ya uchaguzi viti maalum huongezwa hadi hesabu itimie. Yaani jambo linalowezekana hapa Uasin Gishu, kwenye bunge letu la ma-MCA, huko Nairobi limekuwa uchawi.

Katika sura ya tano nilimweka Jaji Mkuu mcha Mungu, mzee wa kanisa asiyefanya kazi siku ya Sabato, anayemwandikia mfalme akimshauri alivunje baraza zima. Baraza linaendelea kuketi. Mhariri akacheka. Hakukumbuka kwamba tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo David Maraga, Mwadventista wa kweli kweli, alimwandikia Rais Uhuru Kenyatta barua ya namna hiyo, kwa sababu ya sheria hii hii ya jinsia. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri ule, na Bunge likala mishahara yake hadi uchaguzi wa 2022.

Lakini mniruhusu nikae kidogo kwenye sura ya makasisi, maana hiyo inaniuma. Nilimtunga gavana wa kike ambaye pia ni mhubiri, ambaye wazee wa mkoa wake wanataka kumng'oa. Wanashindwa, wanarudia, wanashindwa, wanarudia. Mhariri akasema njama moja ikirudiwa mara tatu msomaji atalala. Mwambieni hayo Kawira Mwangaza, aliyekuwa gavana wa Meru, ambaye Seneti ilimwokoa mara mbili kabla ya kumtoa Agosti 2024. Sisemi alikuwa malaika. Nasema tu kwamba hata mwandishi wa tamthilia za redio angeona haya kufika mara ya tatu. Miezi miwili baadaye mkamtoa Naibu Rais naye yuko kitandani hospitalini. Hiyo nimeifuta kabisa kwenye mswada wangu, ilizidi.

Kisha kuna Jumapili zetu. Mhubiri yuko katikati ya Waebrania, nje milango ya magari makubwa meusi inafungwa, pa, pa, pa, na mahubiri yanakata kona. "Watu wa Mungu, kabla hatujaendelea, mheshimiwa atatusalimia." Mheshimiwa anasalimia nusu saa. Anawatukana wapinzani kwa jina la Yesu, anatoa bahasha ya kaki, kwaya inapewa yake. Akina mama waliofika alfajiri kupika chapati na kupanga viti wanaambiwa wapige makofi, wanapiga. Mwanasiasa wa kike akiwa kwenye msafara anapewa maikrofoni dakika mbili "asalimie akina mama", kana kwamba wengine waliobaki mle kanisani si wapiga kura wake.

Lakini hata hivyo dini imewapita mbio. Tarehe 12 Septemba 2021, kule Butere, Kanisa la Kianglikana lilimweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza nchini kuongoza dayosisi kama askofu wa kanisa hilo, na siku hiyo hiyo Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit akawanyima wanasiasa maikrofoni. Mambo mawili kwa ibada moja! Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki Philip Anyolo akarudisha mchango wa Rais uliotolewa katika kanisa la Soweto, Nairobi. Machi 2025 Rais akapata kanisa jingine, Roysambu, akaahidi milioni 20. Kwa hiyo sidai makanisa yote yameokoka. Nadai kwamba taasisi inayojivunia kushika mapokeo ya karne nyingi imempata askofu mwanamke kabla nyinyi hamjapata akidi.

Mhariri anasema pia himaya yangu haina shujaa wa kike anayeaminika. Nilikuwa naye, nilimtoa Eldoret hapa hapa: Chelagat Mutai, aliyechaguliwa mbunge wa Eldoret Kaskazini mwaka 1974 akiwa na miaka 24, akafungwa 1976 kwa kuchochea wananchi, akatoka, akachaguliwa tena 1979, kisha akakimbilia Tanzania. Waziri wa enzi hizo Charles Njonjo alipowabandika wabunge wakorofi jina la dada saba wenye ndevu, Chelagat, asiye na unywele kidevuni, alihesabiwa miongoni mwao. Bunge lile la chama kimoja lilimwogopa mwanamke mmoja kuliko hili la leo linavyoiogopa Katiba nzima.

Madai yangu ni madogo. Mkishindwa kunilipa fidia, iteteeni riwaya yangu kwa njia moja tu: tekelezeni sheria, ili kituko changu kirudi kuwa cha kubuni. Naibu Spika mliyemchagua 2022, Gladys Boss, ni Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti hii yetu. Muulizeni njia, anaijua. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Kura zinazohitajika katika Bunge la Kitaifa ni 233, na Seneti nayo ilete thuluthi mbili zake. Wabunge wako. Kengele ikilia, waambieni waingie ukumbini.

Wenu katika kusubiri,
Mtunzi wa Himaya,
Eldoret.