Namna ya Kujitolea Pemba Bila Kuchafua Fulana

Anza na jina. Kazi haikimbii, majaa yapo, mitaro imeziba, na bembea iliyokatika mnyororo itaendelea kuning'inia hivyo hivyo mpaka mmalize kikao. Jina ndilo la kuwahiwa, maana mazuri yote yameshachukuliwa. Hakikisha lina maneno "vijana", "maendeleo" na "mazingira" kwa mpigo mmoja, na herufi zake za mwanzo zikiungana zitoe kitu kinachotamkika kwenye spika. Mtu wa Wete akiulizwa jumuiya yenu inashughulika na nini, akajibu "Sijui, lakini wana fulana nzuri", hapo msingi umeshakaa.

Baada ya jina, katiba. Jumuiya za Zanzibar zimesajiliwa kwa miaka mingi chini ya Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995, na Mrajis hataki maneno ya barazani, anataka karatasi. Katiba usiitunge mwenyewe, utachelewa. Azima ya jumuiya jirani, futa jina lao, weka lenu. Ila ipitie mpaka mwisho, usije ukamkabidhi Mrajis katiba ya kikundi cha mpira ambayo kifungu cha tisa kinaeleza namna ya kugawana asali ya mizinga.

Vyeo vigawanywe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajaondoka. Mwenyekiti, makamu, katibu, naibu katibu, mhazini, mlezi, mshauri wa mlezi, msemaji. Mkiwa kumi na mbili, jitahidini abaki mwanachama wa kawaida mmoja, naye mpeni uratibu wa kitu. Mwanachama asiye na cheo ni mtu wa hatari: hana la kufanya kikaoni, kwa hiyo atauliza habari za fedha.

Kwenye ukurasa wa historia, msikubali kuambiwa kwamba vilabu vya hiari ni mambo ya kuletewa. Mwaka 1905, mwanasheria Paul Harris alipokuwa akiwakusanya wenzake Chicago kuanzisha Rotary, Unguja nako watu walikuwa wakiunda Nadi Ikhwani Safaa, klabu ya taarab ambayo ipo hai mpaka leo. Wale wakaelekea kwenye hisani, hawa wakaelekea kwenye fidla na ganuni, na sidhani kama kuna upande uliokosa ugomvi wa uongozi. Mwaka 1917 mji ule ule wa Chicago ukatoa na Lions. Pemba wakati huo wote watu walikuwa wakicheza msewe na kirumbizi, wakizikana, wakiozana na kulimiana. Kila mmoja alijua nani atapika, nani atabeba maji, nani ataazima majamvi. Kosa lao ni moja tu: hawakupiga muhuri.

Sasa fulana, na hapa nakuomba utulie, kwa sababu kikundi kinaweza kuvunjika kwa rangi. Kwingineko rangi ni rangi. Pemba kijani ina wenyewe, manjano ina wenyewe, zambarau ina wenyewe, na buluu iliwahi kuwa na wenyewe ambao bado wanaikumbuka. Ukivalisha vijana thelathini kijani wakafagie soko, wauza samaki wataanza kuhesabu miaka iliyobaki kufika uchaguzi. Ukiwavalisha zambarau, sheha atataka kujua kibali kimetoka wapi. Nyeupe ni salama, lakini itadumu mpaka ndoo ya kwanza ya taka. Nimeona vikundi vikiangukia kahawia, rangi ya udongo wa shamba, ambayo kwa bahati nzuri hakuna chama kilichoitamani. Ukubwa agiza wa viongozi kwanza. Wale watoto wa miaka kumi na minne watakaofagia kweli watapewa zilizobaki, na ndiyo sababu kila usafi wa mazingira una kijana mwembamba aliyevaa fulana inayomfika magotini.

Siku ya kujitolea haianzi mpaka apatikane mgeni rasmi. Mmealika saa mbili asubuhi. Wanafunzi wa skuli wanafika saa moja na nusu, wamepangwa mistari, jua linawapanda taratibu kutoka viatuni mpaka utosini. Turubai lipo, ila ni la meza kuu, pamoja na maji ya chupa na feni inayopuliza kitambaa cha meza. Saa nne unapigiwa simu kwamba mheshimiwa ameshatoka Mkoani. Saa nne na nusu inapigwa nyingine kwamba alikuwa bado hajatoka, ila sasa ametoka. Akifika, Kurani isomwe, utenzi usomwe na binti mdogo aliyeuhifadhi wote bila kikaratasi (huyu kwa kawaida ndiye mtu pekee aliyejiandaa siku hiyo), kisha asimame katibu aseme "itifaki imezingatiwa", halafu aizingatie upya kwa dakika kumi na tano kwa kumtaja kila aliyeko kwenye turubai.

Risala ina kanuni zake. Mafanikio yawe mengi na mafupi; changamoto ziwe tatu na ndefu: usafiri, ofisi, kompyuta. Usithubutu kuandika changamoto ya nne ambayo inaweza kutatuliwa papo hapo, kwa mfano kwamba watoto wanaungua jua na turubai lina nafasi. Mgeni rasmi atajibu kwamba changamoto amezipokea na zitafanyiwa kazi. Pigeni makofi. Mwakani zisomeni zile zile, badilisheni tarehe. Baada ya hapo mheshimiwa atashika fagio jipya lenye utepe, apigwe picha akifagia mahali palipofagiliwa jana usiku, na shughuli itakuwa imefana.

Tarehe za kuvizia ni hizi. Mosi Januari, Siku ya Mazoezi ya Viungo, vikundi vya mazoezi hutoka alfajiri vikikimbia kwa nyimbo na matarumbeta. Ingia katikati ya msafara karibu na mwisho, utaonekana umekimbia tokea mwanzo. Halafu shamrashamra za Mapinduzi mpaka tarehe 12. Mwaka 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Uwanja wa Gombani, Chake Chake, kwa timu za taifa, na Januari 13 Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2–1 wakabeba kombe. Ukiulizwa kikundi chenu kilichangia nini siku ile, jibu kwa utulivu: "Tulikuwa kwenye maandalizi." Hakuna atakayekubishia, kwani kila mtu kisiwani alikuwa kwenye maandalizi, hata aliyekuwa amepanda mwembe.

Mchezo wa ng'ombe ni jambo jingine. Husemwa asili yake ni Wareno waliokuwapo pwani hii, ila Wapemba wameutengeneza wakauondoa umwagaji damu: ng'ombe hauawi, hufungwa kamba, vijana wakamchokoza kwa kitambaa, wanawake wakaimba. Ukienda Chwale au Kengeja na jumuiya yako "kusaidia usalama", jambo moja tu la kiufundi lizingatie: turubai la wageni rasmi lisiwekwe upande inakofika kamba. Ng'ombe hajui itifaki.

Kwenye Sikukuu, mambo yanageuka, na mwongozo huu unaanza kuyumba. Idd ya Pemba ni siku nne, mosi, pili, tatu, nne, na jioni zake ni za watoto. Kiwanja cha kufurahishia watoto cha Tibirinzi, Chake Chake, kinajaa pembea, maputo, ubuyu uliotiwa rangi mpaka ulimi unabadilika, na watoto waliovaa nguo mpya za mwaka mzima wakiwa na fedha za sikukuu walizopewa nyumba kwa nyumba. Hapa hakuna mgeni rasmi atakayekaa zaidi ya nusu saa, na mwenyekiti wako atakuwa kwake akipokea wageni. Wanaobaki ni wale vijana wa fulana za magotini. Mmoja anazuia gari na pikipiki kwa tochi ya simu ili watoto wavuke. Mwengine amekaa juu ya kreti la soda na mtoto aliyepotea, anamhoji.

"Babaako anaitwa nani?"

"Baba."

"Jina lake la mitaani?"

"Baba Asha."

"Asha ni nani?"

"Mimi."

Jambo hilo likiendelea hivyo mpaka saa tatu usiku, na kijana hajakasirika, na mtoto ameshapewa askirimu ya pili kwa fedha za huyo kijana, usilitie kwenye ripoti. Hakuna kisanduku chake. Ripoti ina kisanduku cha "idadi ya walengwa waliofikiwa", na mtoto mmoja aliyerudishwa kwao ni idadi ya kutia aibu. Andika "watoto 500 walihudumiwa katika hali ya amani na utulivu", weka picha ya bango.

Programu za vijana ndizo zinazoleta fedha, kwa hiyo zisifanywe kwa pupa. Baraza la Vijana la Zanzibar lina sheria yake ya mwaka 2013, na vijana wanapaswa kuwa na mabaraza mpaka ngazi ya shehia. Hilo zuri, litaje katika andiko lako mara tatu. Kisha omba fedha za warsha ya kuwajengea uwezo. Warsha inahitaji ukumbi Chake Chake, bango lenye nembo, karatasi kubwa za ukutani, kalamu za rangi ambazo moja tu inaandika, chai ya saa nne yenye sambusa, na mtaalamu kutoka Unguja atakayewaeleza Wapemba fursa zilizopo Pemba. Washiriki wagawanywe makundi manne, wajadili tatizo la ajira, wabandike ukutani. Jioni karatasi zinakunjwa kwa heshima na kuwekwa juu ya kabati.

Kitu kimoja kitakuharibia kalenda: karafuu. Ukipanga warsha msimu wa kuchuma, ukumbi utakuwa na mtaalamu, bango na sambusa. Kijana anayelipwa kwa pishi atapanda mkarafuu kabla jua halijatoka, na jioni ana fedha mkononi ambazo hazikuhitaji kujaza fomu ya mahudhurio wala kutoa nakala ya kitambulisho. Msilalamike kwenye ripoti kwamba "mwamko wa vijana bado mdogo". Mwamko upo, umeamka saa kumi na moja alfajiri.

Walio ng'ambo nao ni nguzo. Kila kijiji cha Pemba kina watu wake Maskati, Dubai na London, na hao wana kundi la WhatsApp. Wakiombwa mchango wa mpira, jezi na nyavu, watatoa, kwa kweli watatoa kuliko waliopo. Lakini fedha itafika pamoja na nasaha: jezi ziwe za rangi fulani, kipa awe mtoto wa fulani, na nyavu zifungwe kama zilivyofungwa mwaka waliohama. Jibu "In shaa Allah, ami" kwa kila moja, tuma picha ya mpira, na uwaache vijana wachague kipa anayedaka.

Nimewaacha mwisho akina mama wa vyombo, kwa makusudi, kwani mwongozo wowote wa kujitolea Pemba ukiwagusa hawa unajibomoa wenyewe. Kila mtaa unao. Wana masufuria ya shughuli, mabakuli, sinia, majamvi, na daftari moja la mistari lililojaa majina: aliyefiwa, aliyeozesha, aliyekopeshwa, aliyerudisha sinia likiwa limebonyea. Wanacheza upatu, wanajua nani hana mchele bila kufanya utafiti, na ukitangazwa msiba saa tisa usiku, saa kumi na moja kuni zimeshafika. Hawana mlezi. Hawajawahi kusoma risala. Ukienda kwao kuwaomba wajiunge na jumuiya yako ili "waratibiwe", bibi mmoja ataendelea kukuna nazi huku anakusikiliza, kisha atauliza:

"Mwanangu, maulidi ya Ijumaa mwaja kuosha masufuria, au mwaja na kamera?"

Jibu sahihi kwa mujibu wa mwongozo huu ni kwamba mnakuja na vyote viwili. Atacheka. Siku yenyewe, wali ukishaliwa na wageni wakishaondoka, mwenyekiti wako atakumbuka ana kikao Wete. Wewe ukibaki, vua fulana uiweke mahali pakavu, kwa sababu masizi ya sufuria la pilau la kilo ishirini hayatoki, na usitarajie cheti. Utapewa ukoko kwenye bakuli, nao ukoko wa shughuli hawapewi wageni rasmi.

Limebaki suala la makabidhiano. Mwenyekiti akipata kazi Unguja, na atapata, kwa sababu warsha zote zile zimempa wasifu wa kurasa sita, asijiuzulu. Aondoke na muhuri. Kikundi kitakuwa kikimpigia simu kila kinapotaka barua, naye atakuwa akijibu kwamba yupo kwenye mkutano. Mwaka wa pili vijana watachoka, wataanzisha jumuiya nyingine ya watu wale wale, jina lile lile, na mwishoni wataongeza neno "Mpya". Kama una akili, kalisajili hilo mapema.