Pweza Mmoja, Madarasa Manne

Kwanza nunua pweza. Vitabu vipo au havipo, kalamu zimebaki au zimetafunwa na mdogo, hayo tutayatazama baadaye. Pweza awe mzima, hajapigwa, na somo lianze kabla jua halijawa kali, maana mwalimu huyu akikaa sana hunuka.

Mwongozo huu niliupata Mkwiro, ncha ya mashariki ya Kisiwa cha Wasini, mwaka 2020. Shule zote za Kenya zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi tarehe 4 Januari 2021. Kwangu walikuwa wanne: wa kidato cha 2 aliyerudi kutoka bweni huko bara na sanduku lake, wa darasa la 6, wa gredi ya 2, na mdogo wa miaka 3 ambaye hakuandikishwa popote lakini kila asubuhi ndiye aliyewahi mkekani. Mashua zinazopeleka watalii kwenye hifadhi ya baharini ya Kisite zilikuwa zimelala pwani, baba yao yuko nyumbani, kusi linavuma. KBC ilitangaza masomo kwenye redio, na yalikuwa masomo mazuri. Ila redio ni moja, na darasa la 6 likifunzwa, wengine watatu wanagombania betri.

Usigawe nyumba madarasa manne. Mimi niligawa: kidato cha 2 ukumbini, darasa la 6 barazani, gredi ya 2 jikoni, na ratiba ukutani. Nikimgeukia mmoja, watatu wanakaa bure. Siku ya tatu mama mkwe wangu alisimama mlangoni akaitazama ile ratiba, kisha akaniuliza, “Mwanangu, wewe chuoni ulikaa na nani?”

Katika chuo cha Kurani nilikaa na watu wote. Nani hakukaa hivyo? Maalimu mmoja, chumba kimoja, huyu yuko kwenye alifu, yule yuko juzuu ya Amma, mwingine anakaribia kuhitimu, na sauti zote zinapanda pamoja. Mkubwa humsikiliza mdogo kabla maalimu hajamsikiliza mkubwa. Hakuna anayeona haya kwa kuwa nyuma, maana kila mmoja yuko mahali pake. Pwani yetu imesomesha watoto wa umri mbalimbali pamoja kwa karne nyingi, nami nilikuwa nahangaika na ratiba! Niliibandua jioni ile ile.

Basi, pweza. Mweke kwenye sinia katikati ya mkeka, watoto wamzunguke. Mdogo ahesabu mikono. Atafika mitano, atarudi mmoja. Mwache, wa gredi ya 2 atamrudisha njiani, na hapo wawili wanasoma kwa bei ya mmoja. Wa gredi ya 2 aseme pweza wawili wana mikono mingapi, kisha watatu, kisha amchore. Wa darasa la 6 ampime: ana kilo mbili na robo, na tuseme kilo ni shilingi 200, tunamlipa mvuvi ngapi? Akipata 450 sawasawa, yeye ndiye apeleke pesa. Wa kidato cha 2 aeleze kwa nini mnyama huyu asiye na mfupa hata mmoja ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Miwili husukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, mmoja husukuma mwilini, na ubuluu unatokana na shaba iliyo katika damu badala ya chuma kama yetu. Lakini aeleze mpaka wa gredi ya 2 aelewe. Akishindwa kumwelewesha mdogo wake, bado hajajua, na arudi kitabuni.

Sheria ya mkekani ni hii: swali la mdogo halijibiwi na mkubwa. Kuilinda sheria hiyo ni kazi kuliko hesabu zote. Wa darasa la 6 atajiuma midomo, atainua mkono mpaka aanguke. Mshike tu.

Saa sita pweza apigwe, achemshwe, aungwe kwa nazi. Vitabu vya sayansi haviliki hivyo.

Siku ya pili usirudie pweza. Kuna bahari nzima. Hifadhi ya Kisite ina kilomita za mraba 28, na humo hakuvuliwi kabisa. Mpunguti iliyo kando yake ina 11, na huvuliwa kwa njia za jadi tu. Muulize wa darasa la 6 eneo lililofungwa ni sehemu gani ya eneo lote. Atapata 28 juu ya 39, kisha atahangaika kuirahisisha, na hairahisishiki. Mwache ahangaike hadi agundue mwenyewe. Wa kidato cha 2 amhoji baba yake kwa nini mvuvi akubali kufungiwa maji, na aandike majibu yote mawili, la kukubali na la kukataa. Kwetu mjadala huo ulivuka Isha.

Lema nalo, mtego wetu wa samaki, wadogo watafute pembe za kila tundu lake. Ni sita. Mkubwa aeleze kwa nini.

Lakini kama utashika somo moja tu, shika maji. Mdogo aangalie mwezi. Wa gredi ya 2 aweke jiwe maji yalipofikia leo, na kesho aweke jingine. Maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Wa darasa la 6 apige hesabu yatajaa saa ngapi baada ya siku saba, na wa kidato cha 2 aseme mwezi unahusikaje. Babu yao akae hapo, kwa sababu yeye hujua bamvua kwa tarehe za mwezi mwandamo bila kuandika chochote, na watoto wanapaswa kuona elimu ya namna hiyo ikiheshimiwa na daftari.

Simwambii mtu amtoe mtoto shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke, na wangu watatu walioandikishwa walirudi siku milango ilipofunguliwa. Lakini likizo ziko Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, na mkeka hauna karo. Mwezi ukiwa mpevu, asubuhi maji yakitoka, wateremshe pwani wote pamoja, na mdogo atangulie.